Chumvi Ambayo Haikuwamo

Mwanangu Kadzo alijua injini kabla ya kujua kusoma. Wakati huo tulikuwa tukiishi Kikoneni, na kinu cha kusaga mahindi kilikuwa hatua chache kutoka nyumbani. Nikimkosa uani, nilijua yuko huko, amekaa juu ya gunia, amefumba macho anasikiliza. Siku moja, akiwa na miaka sita, alimwambia mwenye kinu, "Mkanda wako umelegea." Mwenye kinu akacheka. Jioni ile mkanda ukachomoka, na tangu hapo akamwita fundi. Watu walifurahi. Mimi nilianza kuogopa.

Mimi ni mtu wa kuogopa, wala sifichi. Kabla ya Kadzo nilizaa wawili na nikawazika wote hawajaota meno. Huyu alipobaki, nilikuwa nikilala sikio langu likiwa kifuani pake. Alipoanza kutembea nilimfuata nyuma nimeinama, mikono mbele, kama mtu anayefukuza kuku. Baba yake, Japheth, alikuwa akinicheka. "Utamfuata hivyo mpaka kwa mumewe?"

"Njia ikiwa mbaya, nitamfuata," nilimjibu.

Nilipopata kazi ya kufua katika hoteli moja ya Diani, mimi na Kadzo tulihamia Bongwe. Baba yake alibaki Kikoneni na ng'ombe wake, akawa anatujia kila mwisho wa mwezi. Kadzo alipomaliza shule, hoteli ile ile ilimchukua kutandika vitanda. Hakutandika hata mwaka mmoja. Dereva wa gari la nguo aliugua, Kadzo akaomba ajaribiwe, na hawakumtoa tena kwenye kiti kile. Mimi nilikuwa nikisimama kwenye meza ya pasi karibu na dirisha, nikilisikiliza lile gari likiondoka, kisha nikingoja nilisikie likirudi. Niliunguza mashuka mawili kwa sababu ya kusikiliza.

Hapa sina budi nieleze habari ya maji. Kwetu, mtoto anapoanza jambo kubwa, mzazi huchukua maji kinywani, hunena maneno mema juu yake, kisha humpulizia yale maji. Ndiko kuhatsa. Mimi ni mtu wa kanisa, na mchungaji wetu hajawahi kuniuliza juu ya jambo hilo, nami sijawahi kumwambia. Lakini maji hayo yana sharti. Mwenye kuyapuliza asiwe ameficha kitu moyoni. Kama ana kinyongo au uongo, afadhali ayameze, maana atampulizia mtoto kile kilichomo ndani yake.

Kadzo alipokwenda kufanya mtihani wa udereva mara ya kwanza, nilikuwa nimenuna, sikumpulizia. Akagonga pipa mbele ya ofisa. Mara ya pili alikuja mwenyewe na kikombe, akapiga magoti jikoni. Alifaulu. Tangu siku hiyo, msichana huyu anayecheka mambo ya wazee haanzi jambo bila kikombe mkononi. Nami nikajua kwamba katika maisha yake nimebakiwa na breki moja, na ni ile.

Baada ya zile vurugu za Pwani za mwaka 1997 wageni waliacha kuja. Mwisho wa mwaka 1998 hoteli yetu ilifunga chumba cha kufulia, tukarudi nyumbani sote wawili. Hatukukaa bure. Zile nyumba ndogo za ufukweni, kutoka Diani mpaka Galu, bado zilikuwa na watu wachache, na mashuka ni mashuka. Tukawa tunayachukua, tunayafua Bongwe na kuyarudisha yamepigwa pasi. Tuliyabeba kichwani na kwa baiskeli, mpaka kazi ikazidi shingo. Japheth akauza ng'ombe, mimi nikatoa malipo yangu ya kuachishwa kazi, tukakubaliana tutafute gari kuukuu.

Mimi nilitaka pikapu. Bwana Abdurahman wa Ukunda alikuwa na Datsun moja, rangi ya maziwa, inayokwenda polepole kama mtu aliyetoka kula.

"Haikimbii," nilimwambia Kadzo. Kwangu hiyo ilikuwa sifa.

"Ni kweli Mama, haikimbii. Hata kwenye mteremko. Mbuzi watatupita na watatusalimia."

"Waache wapite. Wewe utafika."

"Na mashuka je? Nyuma ni wazi. Vumbi litaingia, kunguru nao wana yao. Unataka kufua mara mbili?"

Yeye alitaka gari dogo la milango mitatu, lile ambalo mlango wa nyuma unainuka mzima na viti vinalala. Alisema mabunda manane yataingia bila kukunjika. Alisema mengine mengi, na yote yalikuwa na maana. Lakini yale magari aliyoyatazama barabarani sikuwa mpofu kuyaona. Yalikuwa yale ya vijana, yaliyo chini chini, yenye rimu pana na kibawa mgongoni. Moja lilipopita alinyamaza, na uso wake ukawa ule wa mtoto aliyekaa juu ya gunia.

Tukamchukua Fondo, fundi wa Ukunda, awe macho yetu. Fondo ni mwembamba, maneno mengi, na bisibisi yake haimtoki mfuko wa shati hata kanisani.

Gari la kwanza lilikuwa Galu, jekundu, la mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Liling'aa mpaka nikaona kilemba changu ubavuni mwake. Boga, mlinzi wa nyumba ile, alitufungulia. Kadzo akawasha, Fondo akafungua boneti, wote wawili wakawa wanatikisa vichwa kwa kuridhika. Mimi sina ninachojua kwenye boneti. Nikakaa kiti cha nyuma, na kwa kuwa mikono yangu haijui kutulia, nikaiingiza chini ya kapeti.

Ilikuwa Februari. Mvua hatujaiona kwa wiki nyingi, jua la saa sita liko juu yetu, lakini kapeti ile ilikuwa baridi na mbichi kama pua ya mbwa. Sasa, mtu aliyefua taulo za hoteli miaka kumi na mbili anajua neno moja. Taulo iliyolowa maji ya bahari na isisuuzwe haikauki kabisa. Mchana utaona imekauka. Asubuhi ukiishika, inalia tena. Chumvi huita maji. Nikaweka kidole ulimini.

"Fondo," nikaita. "Gari hili limeoga baharini."

"Mama Kadzo, gari si samaki."

"Inua kapeti."

Akainua kwa kunifurahisha tu. Bisibisi yake ikapita kwenye sakafu kama kisu kwenye mkate, ikatokea chini. Sote tukamtazama Boga. Boga akatazama miguu yake.

"Lilikuwa linavuta mashua," alisema. "Siku moja maji yakajaa upesi, yakafika kwenye viti. Mimi ni mlinzi tu, mama. Nimeambiwa nilioshe."

Njia nzima ya kurudi Kadzo alikuwa amenishika mkono. "Ulimi wako, Mama," alisema. "Ningelipa pesa za ng'ombe wa Baba kwa kutu." Na Fondo, ambaye hawezi kukaa na habari, aliieneza Ukunda nzima kabla ya jioni. Wiki ile watu wawili walinifuata Bongwe wakitaka nikawaonjee magari. Kijana mmoja wa bara aliniita mama kwa lugha yao barabarani, "Mathee, wewe ni mashine." Nilijifanya nimekasirika. Moyoni nilivimba.

Gari la pili lilikuwa Msambweni. Mwenyewe ni Mzee Iddi, aliyekuwa tabibu wa hospitali mpaka akastaafu, mtu wa kanzu safi na maneno machache. Gari, Starlet ya kijivu, lilikuwa la mwanawe aliyekwenda kufanya kazi Maskati. Kijana alikuwa amelifungia ekzosi nene na matairi mapana, akamwachia babake, na mzee alikuwa akilitoa siku za Ijumaa tu kwenda nalo msikitini, gia ya kwanza mwendo mzima.

"Linanguruma kama lina ugomvi na mtu," alituambia. "Nikifika msikitini watu wanajua nimefika. Lichukueni, niswali kwa amani."

Tuliwakuta wanaume wawili kutoka Ukunda nao wamekuja kulitazama, na majirani wanne watano wamekaa barazani. Rangi ilikuwa imepauka, kiti kimoja kimechanika. Fondo aliingia chini yake akakaa huko muda mrefu. Alipotoka hakuwa na mzaha, na kwa Fondo hiyo ni dalili kubwa. "Chuma kizima," alisema. "Kizima kabisa."

Kadzo akalichukua kulijaribu. Alipoingia barabara kuu nikafanya ninavyofanya siku zote, nikasikiliza. Lile gari la hoteli, tangu linapotoka getini, nilikuwa naweza kuhesabu hadi arubaini kabla halijapotea masikioni mwangu. Hili sikufika saba. Moja, mbili, tatu, kisha mlio mmoja mrefu, halafu kimya. Nikabaki nimesimama katika uwanja wa watu, na masikio yangu hayana kitu cha kushika.

Alirudi. Alizima injini akakaa kidogo kabla ya kushuka, mikono juu ya usukani, na uso ulikuwa ule ule.

"Haya, Mama Kadzo," Fondo akasema kwa sauti ili baraza nzima isikie. "Bado ulimi."

Wale wanaume wa Ukunda wakasogea. Nikaingia nyuma, nikatia mkono chini ya kapeti. Ilikuwa kavu, ina vumbi na punje za mchele. Nikaweka kidole ulimini, nikaonja vumbi. Nikatoka.

"Lina chumvi," nikasema.

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Ilitoka tu, na ilipokwisha kutoka ilisimama katikati ya uwanja na watu wote wakaiona. Mzee Iddi alinitazama. "Mama," alisema taratibu, "gari hili halijui bahari. Limekaa chini ya paa lile."

"Huenda kabla hujalipata," nikasema, nikaangalia kwingine.

Wale wanaume wawili hawakungoja hata kuaga vizuri. Fondo alikuna kichwa, akasema labda, maana hata lile jekundu hakuliona. Kadzo hakubisha. Alifunga mlango wa gari pole pole, akampa mzee ufunguo kwa mikono miwili. Njiani hakunishika mkono, wala hakunikasirikia. Baadaye, tulipokuwa tunakaribia Kinondo, alisema, "Haidhuru. Basi tuchukue ile Datsun. Ulimi wako haujanidanganya."

Usiku huo sikula. Nikasema ni joto.

Siku tatu baadaye Bwana Abdurahman alituachia ile pikapu tulale nayo, asubuhi tukamlipe. Kulipokucha Kadzo alikuja jikoni amefunga leso, kikombe mkononi. Tulitoka nje. Pikapu ilikuwa imesimama kando ya kamba za nguo, nyeupe, mpole, kila kitu nilichokuwa nimeomba. Kadzo akapiga magoti mbele yake.

"Haya Mama. Sitaki kulipa kabla ya maji yako."

Nikachukua maji kinywani. Maneno ninayajua, nimeyarithi kwa mama yangu. Uende uzuri, urudi uzuri, njia ikufungukie, ubaya ukupite kando. Nikajaribu kuyaanza kimoyomoyo, na kila nilipofika pa kuanza, nikaona kanzu ya yule mzee na mikono yake imepokea ufunguo. Maji yakaanza kupata joto kinywani. Kadzo alikuwa amefumba macho, shingo ameinamisha, ana miaka ishirini na mbili na kisogo chake ni kile cha mtoto. Nikayameza.

Akasikia. Akafumbua macho.

"Mama?"

"Siwezi," nikasema. "Nina kitu."

"Una kitu gani?"

"Lile gari la Msambweni. Halikuwa na chumvi."

Hakusimama mara moja. Alichukua kile kikombe mikononi mwangu, akamwaga maji yaliyobaki kwenye mchicha, akakishika tu.

"Kwa nini?"

"Nilihesabu. Sikufika saba."

Ni Kadzo peke yake angeelewa jibu hilo, kwa sababu alikuwa akijua habari ya dirisha na mashuka yaliyoungua. Nilidhani atapiga kelele. Ningependa angepiga kelele.

"Mimi ungeniambia naogopa, ningekusikia," alisema. "Labda tungegombana, lakini ningekusikia. Ulimi wako niliuamini kuliko bisibisi ya Fondo." Kisha akasimama, na neno lililofuata sikulitarajia. "Na yule mzee, Mama. Mbele ya watu wake."

Mimi siku zote tatu nilikuwa nikimfikiria Kadzo. Yeye katika pumzi mbili alikuwa ameshafika Msambweni kwa mawazo, kwa yule mzee. Nikaona aibu, lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine, kama mtu anayeweka chini mzigo akaona mwenziwe ameshaushika.

Kadzo aliirudisha Datsun kwa Abdurahman, na saa nne tulikuwa kwa Mzee Iddi. Alikuwa barazani na majirani wale wale.

"Shikamoo, mzee," nikasema, ingawa hatujapitana miaka mingi.

"Marahaba," akajibu. Hakutukaribisha kukaa.

"Nimekuja kulirudisha neno langu. Siku ile nilisema uongo. Gari lako halina chumvi. Niliogopa mwendo wake, kwa ajili ya huyu mtoto, nikalisingizia."

Mzee alikunja na kukunjua ncha ya kanzu yake. "Nimetibu watu miaka thelathini na mmoja," alisema. "Nimewaambia watu habari mbaya na nzuri, na hakuna aliyewahi kuniita mwongo. Tangu siku ile wamekuja watatu kuniuliza kama ni kweli gari limezama. Mmoja ameniuliza msikitini."

"Ndiyo, mzee."

"Neno ulilisema hapa." Akaonyesha uwanja kwa kidole. "Ukalisema kwa ulimi baada ya kuonja."

Nikaelewa anachotaka. Nikavua viatu, nikaingia nyuma ya lile gari mbele ya baraza nzima, nikatia mkono chini ya kapeti na kuonja tena. Ni vumbi lile lile, na punje za mchele zimenigandia kidoleni. Nikatoka nikasema kwa sauti, kwa kumtazama kila mmoja, "Hamna chumvi. Siku ile pia haikuwamo. Mwenye gari ni mkweli, mwongo ni mimi."

Mwanamke mmoja barazani akasema, "Basi mama, yatosha, utakula mchele wa watu." Wakacheka, na Mzee Iddi mwenyewe tabasamu likamponyoka. Akaagiza tuletewe viti.

Mzee na Kadzo walikubaliana bei bila maneno mengi. Karatasi za gari zilipokuwa zimeshikwa, Kadzo alinitazama, akaona haya kuomba mbele ya watu. Nikaomba mimi. Nikamwambia mzee kwamba kwetu kuna maji kabla ya safari, nikamwuliza kama haoni vibaya. Alinyanyuka mwenyewe, akachota kwenye mtungi wake, akaniletea kata.

"Dua ni dua," alisema.

Kadzo akapiga magoti juu ya mchanga mbele ya taa za lile gari. Nikachukua maji. Hofu ilikuwa bado ipo, sidanganyi, ilikuwa pale pale ilipo siku zote. Lakini hofu si kinyongo wala uongo, na maji yalikubali kukaa nayo. Nikasema, uende uzuri, urudi uzuri, njia ikufungukie, ubaya ukupite kando. Nikapuliza. Yakamwangukia kichwani na mabegani, mengine kwenye boneti. Nyuma yangu nikasikia Mzee Iddi akisema, "Amin."

Nilikaa mbele. Kadzo alinifunga mkanda kwa mikono yake, akaukaza mara mbili. Aliendesha kama anabeba mayai, mpaka nyumba za Msambweni zikatuacha na barabara ikanyooka mbele yetu, tupu, minazi huku na huku.

"Mama."

"Naam."

"Niliguse kidogo? Kidogo tu. Ukisema la, ni la."

Nilitazama mikono yake. Ilikuwa imetulia. Nikafumba macho, si kwa hofu peke yake. Nikataka kusikia anachosikia.

"Liguse," nikasema.

Akakanyaga mafuta, mlio ukapanda chini ya miguu yangu, mrefu, ule ule ulionipotea siku ile kabla sijafika saba. Safari hii haukunipotea. Nilikuwa ndani yake. Nikahesabu saba, nikahesabu arubaini, nikaacha kuhesabu. Nikasikiliza kama kuna kitu kimelegea, na sikusikia kilicholegea.